Njia ya Nyongo Inapoziba: Kila Picha na Swali Lake

Yeyote aliyewahi kupasua kuku jikoni anakijua kifuko kidogo cha kijani kilichojibanza chini ya ini. Mama humwonya binti yake akitoe taratibu, kwa maana kikipasuka ini lote huwa chungu na halifai tena kutiwa mchuzini. Binadamu naye anacho kifuko kama hicho, na ndani yake mna majimaji yale yale machungu: nyongo. Ini la mtu mzima hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku. Majimaji hayo hukusanywa na vijirija vyembamba mno ndani ya ini, ambavyo huungana kama vijito viingiavyo mtoni, hadi kuwa mrija mkuu mmoja ambao kwa kawaida upana wake hauzidi milimita 6 au 7. Mrija huo hushuka nyuma ya utumbo, hupenya katika kichwa cha kongosho, kisha humwaga nyongo mwanzoni mwa utumbo mwembamba kupitia kitundu kidogo ambacho mwanaanatomia Mjerumani Abraham Vater alikieleza mwaka 1720.

Njia hiyo nyembamba ikiziba, nyongo hurudi ilikotoka. Rangi yake, yaani bilirubini, huingia katika damu na kuyatia macho na ngozi umanjano. Figo hujaribu kuitoa, na mkojo hugeuka mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Kinyesi, ambacho hupata rangi yake kutoka kwenye nyongo, hupauka mithili ya majivu. Mwili huwasha, hasa viganjani na nyayoni, na hasa usiku.

Hapa lugha huwaletea wagonjwa wengi utata. Wapo wanaodhani kwamba umanjano wa macho ndio homa ya manjano, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, na kwamba aliyechanjwa na kupewa kadi yake hawezi kuupata. Wapo pia wanaoita kila matapishi ya uchungu, hata ya malaria, kuwa ni nyongo. Umanjano si ugonjwa mmoja, ni dalili. Unaweza kutokana na chembe nyekundu za damu kuvunjika kwa wingi, kama ilivyo kwa wenye selimundu. Unaweza kutokana na ini lenyewe kuugua, kama katika homa ya ini. Au unaweza kutokana na bomba kuziba wakati ini bado lina uwezo wa kufanya kazi yake. Aina hii ya tatu ndiyo inayohitaji fundi wa bomba kuliko dawa ya vidonge, na fundi huyo hawezi kuanza kazi kabla ya kujua bomba limezibwa wapi na nini.

Chukua mfano ambao wahudumu wengi wa Kanda ya Ziwa watautambua, ingawa hapa umetungwa kutokana na visa vya aina hiyo na haumhusu mtu mmoja. Mkulima wa miaka 61 analetwa hospitali ya wilaya na binti yake. Macho yake yaligeuka rangi miezi miwili iliyopita. Kwanza alipewa dawa za malaria. Kisha akaambiwa kuwa ni homa ya ini, apumzike na anywe glukosi. Jirani akaleta mizizi ya kuchemsha. Hakuwa na maumivu yoyote, na hiyo ndiyo sababu hakuharakisha. Amepungua tu, na mkanda wa suruali umeongezwa matundu mawili. Daktari kijana anamsalimu, anamketisha, kisha anauliza, “Samahani baba, choo chako siku hizi kina rangi gani?” Mzee anamtazama binti yake kwanza, kwa haya. Binti anatoka nje. “Kama majivu, mwanangu,” anajibu. Kwa miezi miwili hakuna aliyekuwa amemuuliza swali hilo.

Swali hilo halihitaji umeme wala mashine, na jibu lake ndilo linaloamua kama mgonjwa aelekee kwenye chumba cha picha au la. Vipimo vya damu husaidia: bilirubini iliyokwisha kuchakatwa na ini huwa juu, na kimeng’enya cha ALP hupanda kuliko vimeng’enya vya chembe za ini. Lakini damu haisemi kizuizi kiko wapi.

Sababu za kuziba ni nyingi. Mawe yaliyoundwa katika kifuko huteremka na kukwama katika mrija mkuu. Saratani ya kichwa cha kongosho huubana mrija kutoka nje, na saratani ya mrija wenyewe huuziba kutoka ndani. Makovu yanayobaki baada ya upasuaji wa kifuko cha nyongo, tezi zilizovimba kwa kifua kikuu, na maambukizi ya mirija kwa mtu mwenye UKIMWI uliokithiri, yote huweza kufanya hivyo. Minyoo mikubwa ya mviringo hupanda kutoka utumboni na kujipenyeza katika kitundu cha Vater. Kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako tegu wa mbwa ni tatizo la miaka mingi, malengelenge yake ndani ya ini huweza kupasukia katika mirija ya nyongo.

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 116 wenye umanjano wa kuziba waliohudumiwa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza. Miongoni mwa sababu za saratani, iliyoongoza ilikuwa saratani ya kichwa cha kongosho. Miongoni mwa zisizo za saratani, yaliongoza mawe katika mrija mkuu. Kipimo pekee cha picha ambacho wagonjwa wote walifanyiwa kilikuwa ultrasaundi. Asilimia 15.5 walifariki, na kukaa na umanjano kwa muda mrefu kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo hivyo. Takwimu hizo zina umri sasa, lakini zinaonyesha jambo ambalo mjadala wa mashine za kisasa huelekea kulisahau: kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki, safari ya uchunguzi huanza na ultrasaundi, na kwa baadhi yao huishia hapo. Basi ni vyema ultrasaundi hiyo ifanywe na kuandikwa vizuri kadiri iwezekanavyo.

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Haina mionzi, hivyo hata mjamzito hufanyiwa bila wasiwasi. Mgonjwa huambiwa asile kwa muda wa saa 6 hivi kabla ya kipimo, na wengi hawaelezwi kwa nini. Sababu ni kwamba chakula, hasa chenye mafuta, hukifanya kifuko cha nyongo kijikamue; kikiwa kimesinyaa, hakionekani vyema. Maji kidogo ya kunywa hayaharibu kitu, na pengine humsaidia mtaalamu, kwa kuwa tumbo lililojaa maji huwa kama dirisha la kutazamia kongosho.

Swali ambalo ultrasaundi hulijibu kwa uhakika mkubwa ni hili: je, mirija imetanuka? Ndani ya ini, kila kijirija hupita sambamba na tawi la mshipa unaoleta damu kutoka utumboni. Kijirija cha kawaida ni chembamba kiasi cha kutoonekana kwa urahisi. Kikitanuka, huonekana kando ya mshipa wake kama mitutu miwili ya bunduki iliyolazwa pamoja. Rangi za Dopla humaliza ubishi: mshipa wenye damu inayokwenda hupata rangi, na mrija wenye nyongo iliyotuama hubaki mweusi.

Swali la pili ni la mahali. Hapa mtaalamu mzoefu hutofautiana sana na anayekimbizana na foleni. Ikiwa mirija ya ndani ya ini imetanuka huku kifuko cha nyongo kimesinyaa na mrija mkuu una upana wa kawaida, kizuizi kiko juu, kwenye mlango wa ini. Ikiwa kifuko kimejaa na mrija mkuu umetanuka hadi chini, kizuizi kiko kwenye kongosho au kwenye kitundu chenyewe. Ikiwa mrija wa kongosho nao umetanuka, macho yote yaelekezwe kwenye kichwa cha kongosho. Mwaka 1890 daktari wa upasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, alikwisha kubainisha jambo la karibu na hili bila mashine yoyote: mgonjwa mwenye umanjano ambaye kifuko chake cha nyongo kinapapasika na hakiumi, mara nyingi tatizo lake si mawe. Kifuko kilichokaa na mawe kwa miaka mingi huwa kimekakamaa kwa makovu, hakipanuki kwa urahisi.

Swali la tatu, la nini hasa kimeziba, ndilo linaloishinda ultrasaundi mara nyingi. Jiwe huonekana kama doa jeupe lenye kivuli nyuma yake, na likiwa ndani ya kifuko halijifichi. Lakini sehemu ya chini ya mrija mkuu hupita nyuma ya utumbo wenye gesi, na mawimbi ya sauti hayapenyi gesi. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2015 yalikadiria kwamba katika kila watu 100 wenye mawe ndani ya mrija mkuu, ultrasaundi ya tumbo huyaona kwa watu 73 hivi. Kinachopaswa kumshtua msomaji si 73 yenyewe bali upana wa makadirio: ukweli ungeweza kuwa popote kati ya 44 na 90. Hakuna mashine inayobadilika kiasi hicho yenyewe. Kinachobadilika ni mkono unaoishika, mwili wa mgonjwa, na muda uliotumika.

Kwa hiyo ripoti isemayo tu “mirija imetanuka, inashauriwa CT” ni nusu ya kazi. Ripoti nzuri husema mirija ya ndani ya ini imetanuka pande zote mbili au upande mmoja. Mrija mkuu una milimita ngapi. Kifuko kimejaa au kimesinyaa, kina mawe au hakina. Mrija wa kongosho ukoje. Na, muhimu kuliko yote, ni sehemu gani haikuonekana na kwa nini. Mtaalamu anayeandika “sehemu ya chini ya mrija haikuonekana kwa sababu ya gesi” hajakiri udhaifu wake. Amemwambia anayefuata aanzie wapi. Pia akumbuke kwamba mrija wa mzee huwa mpana kidogo kuliko wa kijana, na wa mtu aliyekwisha ondolewa kifuko cha nyongo huweza kufika milimita 10 bila kizuizi chochote. Na kinyume chake: jiwe lililokwama jana laweza kukuta mrija ambao bado haujatanuka. Dalili zikiendelea, kipimo kirudiwe baada ya siku chache.

Ultrasaundi ya mzee wetu inaonyesha mrija mkuu wenye milimita 14, kifuko kilichojaa kisicho na mawe, na mrija wa kongosho uliotanuka. Gesi imeficha yaliyobaki. Anaandikiwa rufaa kwenda kufanyiwa CT.

Kipimo cha CT kina asili yake ya Kiafrika ambayo haitajwi sana. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kufikiria hesabu za kujenga picha ya ndani ya mwili kutokana na miale ya eksirei alipokuwa akisaidia kazi za fizikia katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mwaka 1979 alishirikiana Tuzo ya Nobel na Godfrey Hounsfield wa Uingereza, aliyeunda mashine yenyewe.

Katika kuziba kwa nyongo, CT si mshindani wa ultrasaundi wala si “ultrasaundi kubwa”. Ina swali lake. Kwa kutafuta mawe ya nyongo haistahili sifa inayopewa, kwa sababu mawe mengi ya kolesteroli yana uzito unaokaribiana na wa nyongo inayoyazunguka, nayo hayaonekani. Mgonjwa mwenye mawe anaweza kulipia CT na kupewa ripoti isiyo na jiwe. Nguvu ya CT iko kwenye uvimbe. Dawa ya kung’arisha inapodungwa mshipani na picha nyembamba zikapigwa katika nyakati mbili, kwanza kongosho linapokuwa limejaa damu na tena sekunde chache baadaye ini linapokuwa limejaa, saratani ya kongosho hujitokeza kama kiraka kilichofifia. Kisha huja swali linaloamua maisha: je, uvimbe huo umeigusa au umeizunguka mishipa mikuu ya damu inayopita hapo hapo? Ikiwa haujaigusa, na haujasambaa kwenye ini, daktari wa upasuaji anaweza kujaribu kuuondoa. Ikiwa umeizunguka, kisu hakiwezi kuumaliza.

Mambo mawili huharibu CT hiyo. La kwanza ni kuipiga bila dawa ya kung’arisha, au kwa wakati mmoja tu, kana kwamba ni CT ya tumbo ya kawaida. Ombi la daktari lazima liseme wazi kwamba kinachotafutwa ni uvimbe wa kongosho. La pili ni kuweka stenti kwanza na kupiga picha baadaye. Stenti hutia vivuli kwenye picha, na uvimbe wa tishu unaofuata utaratibu huo huweza kufanana na saratani. Mgonjwa asiye na homa, ambaye bilirubini yake haijapanda kupita kiasi, apigwe CT kwanza. Mgonjwa naye apimwe figo kabla ya dawa ya kung’arisha na asiachwe akauke maji, kwa kuwa figo za mwenye umanjano mkali huumia kwa urahisi.

Palipo na shaka ya mawe ambayo ultrasaundi haikuyaona, kipimo kinachofaa ni MRI ya mirija ya nyongo, MRCP kwa kifupi. Ilianza kuelezwa katika majarida ya tiba mwaka 1991. Uzuri wake ni kwamba haihitaji mionzi wala dawa ya kudungwa: sumaku huyafanya majimaji yaliyotulia yang’ae, na nyongo yenyewe huwa ndiyo rangi. Mti mzima wa mirija huonekana mweupe juu ya giza, na jiwe huonekana kama shimo jeusi ndani ya weupe huo. Mgonjwa hulala ndani ya mashine yenye kelele kwa muda wa nusu saa hivi, na huagizwa kushika pumzi mara kwa mara. Aseme mapema kama ana kifaa cha kusukuma moyo, au kama aliwahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, jambo ambalo mafundi wa kuchomelea wasilipuuze. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yaliikadiria MRCP kuwa huona mawe kwa watu 93 kati ya 100 walio nayo. Mawe madogo chini ya milimita 5 ndiyo yanayoikimbia, na viputo vya hewa humdanganya msomaji wa picha.

Endoskopi yenye ultrasaundi, EUS, ilipata 95 kati ya 100 katika mapitio hayo hayo. Kifaa chake huteremshwa kwa njia ya mdomo hadi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na kutoka hapo mrija wa nyongo uko mlango wa pili, pasipo gesi kati yao. Huona mawe madogo mno, na kwa sindano huchukua kipande cha uvimbe. Kasoro yake kwa ukanda huu ni upungufu wa vifaa na wa waliofunzwa kuvitumia.

Imebaki ERCP, kipimo ambacho wagonjwa wengi hukisikia kwanza kwa kuwa ndicho chenye sifa ya kufungua. Kamera hushushwa hadi kwenye kitundu cha Vater, kimrija chembamba huingizwa kinyumenyume ndani ya njia ya nyongo, dawa ya kung’arisha hujazwa, na eksirei huonyesha umbo la mrija. William McCune na wenzake walieleza mbinu hiyo Marekani mwaka 1968. Mwaka 1974 madaktari wa Ujerumani na wa Japani, kila kundi kwa upande wake, wakaonyesha kwamba kitundu hicho chaweza kupanuliwa kwa waya wa umeme na mawe yakatolewa bila kupasua tumbo. Kwa muda mrefu ilitumika kutazama tu. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani mwaka 2002 ulihitimisha kwamba kwa kutambua mawe, MRCP na EUS zinalingana na ERCP, na kwamba ERCP ya kutazama tu haina tena sababu pale vipimo hivyo vinapopatikana.

Kisa ni hatari zake. Kati ya wagonjwa 100 wanaofanyiwa ERCP, watatu hadi watano hivi hupata uvimbe mkali wa kongosho, na kwa wale walio katika hatari zaidi idadi hupita hapo. Wengine hutoka damu, hutobolewa utumbo, au huingiwa na vijidudu katika mirija. Hatari hizo zinakubalika pale mgonjwa anapoondoka bila jiwe au akiwa na stenti. Hazikubaliki pale anapoondoka na picha peke yake. Mgonjwa anayeambiwa atafanyiwa ERCP ana haki ya kumuuliza daktari kwa adabu: “Mkishaingia, mnatarajia kufanya nini?” Kama jibu ni “kuangalia”, mazungumzo yaendelee.

Kuna njia nyingine ya zamani ambayo haijastaafu. Mwaka 1937 huko Hanoi, Pierre Huard na Do Xuan Hop walieleza namna ya kuingiza dawa ya kung’arisha katika mirija ya nyongo kwa sindano iliyopita kwenye ngozi na ini. Sindano nyembamba iliyotoka Chiba, Japani, katika miaka ya 1970 iliipunguzia hatari njia hiyo. Leo hutumika zaidi pale kizuizi kiko juu karibu na mlango wa ini, au pale ERCP iliposhindikana. Huachwa mrija unaotoa nyongo hadi kwenye mfuko wa nje. Katika hospitali yenye ultrasaundi na eksirei lakini isiyo na kamera ya ERCP, mrija huo huokoa maisha. Kabla ya sindano hiyo, kama kabla ya kisu, damu ipimwe inavyoganda: bila nyongo utumboni mwili haufyonzi vitamini K, na sindano ya vitamini hiyo ni rahisi mno kusahaulika.

Hayo yote yanamhusu mgonjwa mwenye nafasi ya kusubiri. Umanjano ukija pamoja na homa ya kutetemeka na maumivu chini ya mbavu za kulia, dalili tatu ambazo Jean-Martin Charcot wa Ufaransa alizikusanya mwaka 1877, nyongo iliyotuama imekwisha kuoza. Akianza kuchanganyikiwa au shinikizo la damu likashuka, saa zinahesabika. Mgonjwa huyo apewe maji ya mshipani na antibiotiki palepale, apigwe ultrasaundi kitandani, na akimbizwe mahali ambapo nyongo itatolewa. Foleni ya MRCP si mahali pake.

Makundi mawili ya watoto hayafuati kanuni hizi. Wenye selimundu hutengeneza mawe ya nyongo tangu utotoni, kwa kuwa damu inayovunjika kila siku huacha bilirubini nyingi. Macho yao huwa na umanjano hafifu hata wakiwa wazima, na kwa hiyo mzazi na mhudumu hulizoea jambo ambalo siku moja laweza kuwa kuziba. Umanjano ukizidi ule wa siku zote, kinyesi kikapauka, tumbo likauma upande wa kulia, ultrasaundi isicheleweshwe.

Kundi la pili ni vichanga waliozaliwa na mirija isiyo na njia kabisa. Kwao mirija haitanuki, na ripoti isemayo “mirija haijatanuka” isimtulize mtu. Mtaalamu hutafuta badala yake kifuko cha nyongo kilicho kidogo mno au kisichokuwepo, mtoto akiwa hajanyonya kwa saa chache. Upasuaji ambao Morio Kasai wa Japani aliueleza mwaka 1959 hufaulu zaidi mtoto akifanyiwa kabla ya kutimiza siku 60. Mama anayeona macho ya manjano baada ya wiki mbili za kuzaa, na kwenye nepi kinyesi cheupe, asiambiwe amwanike mtoto juani. Aende na nepi yenyewe kliniki.

Mzee wa mfano wetu alipigwa CT. Uvimbe ulikuwa na sentimita 4, nao ulikuwa umeuzunguka mshipa mkuu wa ateri unaolisha utumbo. Hapakuwa na upasuaji wa kuuondoa, na madaktari walimweleza hivyo, binti yake akiwa kando. Kisha wakafanya ERCP, safari hii kwa kazi maalumu: stenti ya plastiki ikapitishwa katikati ya kizuizi, na nyongo ikaanza kuteremka. Baada ya siku chache kuwashwa kulipungua, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alilala usiku kucha. Stenti ya plastiki huziba baada ya miezi 3 hivi. Muuguzi aliandika tarehe ya kurudi kwa kalamu nene juu ya bahasha ya picha, na chini yake akaongeza: arudi siku yoyote akipata homa au macho yakigeuka tena. Ndani ya bahasha zilikuwamo picha za ultrasaundi, diski ya CT, ripoti zote mbili, na karatasi ya ERCP yenye aina na urefu wa stenti. Binti aliikunja kanga yake juu ya bahasha, wakaenda kituo cha mabasi.